Afande, Jenerali, Bwana: namna ya kuwaita wanajeshi kwa vyeo vyao

Mwanajeshi anapotekwa vitani, sheria ya kimataifa inamlazimu kutaja mambo manne tu: majina yake, cheo chake, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Ndivyo inavyoagiza ibara ya 17 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, na mateka anayeficha cheo chake kwa makusudi anaweza kunyimwa haki zinazoambatana na cheo hicho. Ibara ya 60 ya mkataba huohuo inakwenda mbali zaidi. Nchi iliyomteka mwanajeshi humpa kila mwezi posho kulingana na ngazi yake: faranga 8 za Uswisi kwa walio chini ya sajini, 12 kwa masajini na wenzao, 50 kwa maafisa walio chini ya meja, 60 kwa meja hadi kanali, na 75 kwa majenerali. Hata kupiga saluti gerezani kuna utaratibu wake. Afisa aliyetekwa huwasalimu maafisa wa adui wanaomzidi cheo, lakini mkuu wa kambi humsalimu hata kama huyo mkuu ni wa ngazi ya chini kuliko yeye.

Cheo cha kijeshi, kwa hiyo, ni sehemu ya jina la mtu, tena sehemu inayotangulia. Raia hukutana na jambo hili pale asipolitarajia: anapoandika barua ya rambirambi kwa mjane wa mwanajeshi, anapochapisha kadi ya harusi ya binti wa kanali mstaafu, anapomkaribisha mgeni rasmi jukwaani, au kijana wake anapojiunga na jeshi la Uingereza au la Marekani na kualika wazazi kwenye gwaride la kuhitimu. Makala haya yanaeleza vyeo hivyo katika Kiswahili, vilikotoka, na namna ya kuvitamka na kuviandika.

Safari ya neno afande

Hakuna neno la kijeshi linalojulikana zaidi katika Afrika Mashariki kuliko afande. Wengi hudhani ni la Kiarabu, na kweli lilipitia kwa Waarabu, lakini asili yake ni Kituruki, efendi, ambalo nalo Waturuki walilirithi kutoka Kigiriki. Katika dola ya Uthmaniya na katika jeshi la Misri lililofuata mfumo wake, efendi ilikuwa heshima ya watu waliosoma na ya maafisa wa ngazi za chini. Aliyepanda juu zaidi aliitwa bey, na jenerali aliitwa pasha.

Maneno hayo yaliletwa kwetu na askari wa Kisudani. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliandikisha mamia ya Wasudani mjini Cairo ili kuja kupambana na Bushiri bin Salim na wenzake katika pwani ya Tanganyika. Miaka miwili baadaye Mwingereza Frederick Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert askari wa Kisudani waliosalia baada ya Emin Pasha kuondoka, chini ya kiongozi wao Selim Bey, akawapeleka Uganda. Msomaji ataona kwamba majina yenyewe yanasimulia ngazi: huyu Pasha, huyu Bey, na chini yao maefendi.

Kutokana na makundi hayo mawili yakazaliwa majeshi mawili ya kikoloni. Katika jeshi la Wajerumani, Mwafrika aliandikishwa akiwa askari, akapanda kuwa ombasha, kisha shaushi, kisha betshaushi, kisha sol, na wachache mno wakafika kuwa efendi. Ombasha kwa Kituruki ni mkuu wa watu kumi, sawa na koplo wa leo. Shaushi ni sajini. Upande wa Waingereza, vikosi vya Uganda, Kenya na Nyasa viliunganishwa mwaka 1902 kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walizoea kuliita KAR, kwa Kiswahili Keya. Humo nako maneno ya Kituruki yalidumu kwa muda, na askari waliwaita maafisa wao wa Kizungu efendi. Wajukuu wa Wasudani hao ndio Wanubi wa Kibera na wa Bombo.

Katika miaka ya 1950 Waingereza walilifufua neno hilo wakalifanya cheo kamili, efendi, kilichowekwa kwa ajili ya Waafrika waliotumikia muda mrefu lakini ambao wakoloni hawakuwa tayari kuwapa uafisa kamili. Idi Amin alikipata mwaka 1959, na wakati huo hakukuwa na cheo cha juu zaidi ambacho Mwafrika wa KAR angeweza kukifikia. Mwaka 1961 akawa luteni, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uafisa. Mwingine alikuwa Shaban Opolot.

Baada ya uhuru cheo cha efendi kilikufa, neno likabaki, na likageuka. Leo afande si cheo. Ni namna ya mdogo kumwita mkubwa, awe koplo mbele ya kuruta au jenerali mbele ya kanali. Neno ambalo kule Cairo lilikuwa la maafisa wadogo limepanda hapa kwetu hadi kileleni. Tena Waturuki wana neno jingine kwa mwanamke, ilhali Kiswahili hakikuona haja hiyo: mwanajeshi wa kike ni afande kama wa kiume. Wingi wake ni maafande, na upatanisho wake ni wa watu: afande amefika, maafande wamefika.

Nchini Uganda, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi tangu enzi za KAR, neno hili limeshikamana na majina ya watu hata katika magazeti ya Kiingereza. Jenerali Salim Saleh, kwa mfano, hujulikana sana kama Afande Saleh. Kutoka Uganda neno lilivuka na wapiganaji wa RPF kwenda Rwanda. Vikosi vya AFDL vilipoingia Kinshasa mwaka 1997 vikizungumza Kiswahili, viongozi wao wengi hawakuwa na vyeo rasmi, wakaitwa tu komanda. Jeshi la Uganda nalo liliwahi kupitia hali hiyo, kwani NRA ilipigana vita vyake vyote vya msituni na kutwaa madaraka mwaka 1986 bila ngazi za kawaida, na vyeo rasmi vikatolewa mwaka 1988.

Je, raia anapaswa kumwita mwanajeshi afande? Hapaswi. Hayumo katika safu, na hakuna amri inayomfunga. Mitaani Dar es Salaam na Nairobi watu humwita afande hata askari wa barabarani, na hakuna ubaya, ila mara nyingi ni neno la kuomba radhi kabla kosa halijatajwa. Raia anayetaka kuonyesha heshima bila unyenyekevu wa kupita kiasi atumie cheo chenyewe: Meja, Kapteni, Kanali.

Ngazi za JWTZ

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya lile la Tanganyika Rifles kuasi mwezi Januari mwaka huo na kuvunjwa. Miongoni mwa madai ya waasi yalikuwamo mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Jeshi jipya, chini ya Brigedia Mirisho Sarakikya, lilichukua ngazi za Kiingereza lakini likazivika mavazi ya Kiswahili, na ndiyo orodha iliyo kamili zaidi katika lugha yetu.

Kutoka chini, juu ya askari wa kawaida yupo koplo usu, kisha koplo, sajini, na sajini taji. Neno usu hapo laonyesha ngazi iliyo chini ya ile inayotajwa, na taji linakumbusha alama ya taji la kifalme iliyokaa juu ya mikanda mitatu begani mwa sajini wa Kiingereza wa ngazi hiyo. Wanaofuata ni maafisa wateule, wa daraja la pili na wa daraja la kwanza. Hawa ndio uti wa mgongo wa kikosi, watu wenye umri na uzoefu, na ni kosa kumchanganya afisa mteule na afisa mwenye kamisheni.

Kwa wenye kamisheni, ngazi ya kwanza ni luteni usu, kisha luteni, kapteni, meja, luteni kanali na kanali. Juu yao wako majenerali: brigedia jenerali, meja jenerali, luteni jenerali, na jenerali kamili, ambaye kwa kawaida ni mmoja tu, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi.

Hapa wengi hujikwaa. Kama meja ni mkubwa kwa luteni, vipi luteni jenerali ampite meja jenerali? Jibu limo katika historia ya maneno. Luteni kwa Kifaransa ni mshika nafasi, yaani kaimu wa mwenziwe aliye juu. Luteni kanali ni kaimu wa kanali, na luteni jenerali ni kaimu wa jenerali, kwa hiyo yuko karibu naye. Meja jenerali naye zamani katika majeshi ya Ulaya aliitwa sajini meja jenerali, na neno sajini lilipodondoka likaacha sura inayopotosha.

Katika mazungumzo majina marefu hufupishwa. Luteni kanali huitwa Kanali, na meja jenerali na luteni jenerali huitwa Jenerali. Luteni usu huitwa Luteni, na koplo usu huitwa Koplo. Ufupisho huu daima humpandisha mtu na kamwe haumshushi, ndiyo maana hauudhi. Lakini katika maandishi cheo kiandikwe kikamilifu kinapotajwa mara ya kwanza, na ufupisho uje baadaye. Taarifa ya habari inayomwita luteni kanali kanali tangu sentensi ya kwanza imempandisha cheo bila Amiri Jeshi Mkuu kujua.

Cheo hiki, Amiri Jeshi Mkuu, kwa kweli si cheo bali ni wadhifa. Kiswahili kina udhaifu mdogo hapa, kwamba tunaita cheo vitu viwili: ngazi anayovaa mtu begani na kazi aliyopewa. Mkuu wa Majeshi ni kazi, Jenerali ni ngazi. Kamanda wa brigedi ni kazi, Brigedia Jenerali ni ngazi. Vivyo hivyo Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ambaye waandishi humwita Kamanda, kwa ngazi huenda akawa Kamishna Msaidizi Mwandamizi au Kamishna Msaidizi. Na Inspekta Jenerali wa Polisi haitwi Jenerali hata kidogo. Jeshi la Polisi lina ngazi zake, za konstebo, mkaguzi, mrakibu na kamishna.

Kapteni pia asifasiriwe kuwa nahodha. Nahodha ni wa chombo na wa timu ya kandanda.

Maneno ya kale nayo yana mitego. Jemadari, ambalo leo washairi na wanasiasa hulitumia kumsifu kiongozi mkuu wa vita, lilikuja na askari wa Kibalushi wa masultani wa Zanzibar, na jemadari wa Ngome ya Yesu mjini Mombasa alikuwa mkuu wa kikosi cha ngome. Katika jeshi la India la Waingereza neno hilohilo lilikuwa la afisa wa chini kabisa wa kienyeji. Akida naye alikuwa kiongozi wa wapiganaji pwani kabla Wajerumani hawajamfanya mtoza kodi, aliyechukiwa mno hadi vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Nchini Oman neno la asili moja na hilo, aqid, ni kanali.

Kenya, na askari wa baharini wenye vyeo vya nchi kavu

Kenya ilibaki na vyeo vya Kiingereza, na Kiswahili chake cha jeshini huvitamka kwa lafudhi tu. Tofauti moja ni muhimu kwa wanaoandika: Mkenya wa ngazi ile ni Brigedia, bila jenerali nyuma yake, kama ilivyo Uingereza, na haitwi Jenerali katika mazungumzo. Wa Tanzania ni Brigedia Jenerali. Katika ngazi za chini, Kenya ina praiveti mwandamizi na sajini mwandamizi, ambao Tanzania haina.

Jambo jingine huwashangaza wageni. Majeshi ya anga na ya majini ya Kenya yanatumia vyeo vya nchi kavu. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki dunia katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, alikuwa mwanaanga. Aliyemrithi, Jenerali Charles Kahariri, alitoka katika jeshi la majini, na kwingineko angeitwa admirali. Mwezi Mei mwaka huohuo Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed alikabidhiwa uongozi wa jeshi la anga, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuongoza mojawapo ya majeshi hayo matatu. Jina lake huandikwa kama la wenzake wote, Meja Jenerali Fatuma Ahmed. Kutia neno mama au bibi mbele ya cheo, kama baadhi ya washereheshaji wafanyavyo kwa nia njema, ni kukipunguza.

Nchi zenye admirali zina mtego wao. Kapteni wa meli ya kivita katika jeshi la wanamaji la Uingereza au la Marekani analingana na kanali wa nchi kavu, wala si na kapteni. Mwenyeji anayemketisha meza moja na makapteni wa miguu amemshusha ngazi tatu.

Kongo na Burundi

Waswahili wa mashariki ya Kongo na wa Bujumbura wamepokea vyeo vyao kutoka Kifaransa kwa njia ya Ubelgiji. Sisi husema kanali kwa sababu Mwingereza halitamki neno hilo kama linavyoandikwa. Wao husema koloneli, kwa kuwa Mfaransa hulitamka karibu na maandishi yake. Katika desturi ya Kifaransa mdogo humwita mkubwa wa kiume kwa kutanguliza neno la umilikaji: mon colonel, mon général. Afisa wa kike haambiwi hivyo. Huitwa kwa cheo peke yake.

Anayesafiri kati ya Goma na Paris ajihadhari na neno meja. Kwa Wakongomani na Warundi, kama kwa Waingereza, meja ni afisa aliye juu ya kapteni. Kwa Wafaransa afisa huyo huitwa commandant, na wanayemwita major ni mtu wa safu ya chini ya kamisheni, mkubwa wa masajini.

Mchanganyiko huu si wa vitabuni tu. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipopeleka mashariki ya Kongo kikosi maalumu cha kushambulia waasi, kilichoundwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, na mkuu wake katika operesheni nzima alikuwa Mbrazili, Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz. Katika mazingira kama hayo, askari huangalia bega kabla ya kufungua kinywa.

Kwa walio Ughaibuni

Jeshi la Uingereza huandikisha raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wamo ndani yake. Mzazi anayealikwa kambini ajue kwamba luteni wa Kiingereza, na hata luteni usu, katika mazungumzo huitwa Mister na jina lake la ukoo. Cheo hutamkwa kuanzia kapteni. Afisa mteule wa daraja la kwanza naye huitwa Mister na maafisa, lakini walio chini yake humwambia Sir. Sajini haambiwi Sir. Huitwa Sergeant. Afisa wa kike huambiwa Ma'am, kwa irabu fupi. Neno lieutenant Waingereza hulitamka leftenanti, Wamarekani hulitamka lutenanti.

Katika jeshi la nchi kavu la Marekani ngazi kadhaa za masajini huitwa zote Sergeant tu, isipokuwa wawili wa juu, First Sergeant na Sergeant Major, ambao huitwa kwa ukamilifu. Askari wa Marine hawakubali ufupisho huo. Kwao kila sajini huitwa kwa cheo chake chote. Na kuruta anayemwambia sajini Sir hujibiwa kwa ukali kwamba heshima hiyo ni ya wenye kamisheni, yeye anafanya kazi ya jasho. Hasira hiyo ni ya kiada zaidi kuliko ya kweli, lakini haifai kuichokoza.

Nchini Oman, ambako Waomani wengi wazungumzao Kiswahili walirejea baada ya mwaka 1970 na baadhi yao wakaingia jeshini na polisi, vyeo ni vya Kiarabu: mulazim ni luteni, naqib ni kapteni, raid ni meja, muqaddam ni luteni kanali, aqid ni kanali, amid ni brigedia, liwa ni meja jenerali na fariq ni luteni jenerali. Msikilizaji wa Zanzibar asichanganyikiwe: amidi wa kitivo cha chuo kikuu ni neno lilelile, lakini liwa hana uhusiano na liwali wa zamani. Afisa aliyehitimu chuo cha unadhimu huongezewa neno rukn baada ya cheo na kabla ya jina, na kulisahau katika barua rasmi ni sawa na kuisahau shahada ya daktari.

Utaratibu wa kuandika, na wastaafu

Cheo cha kijeshi hutangulia heshima nyingine zote. Huandikwa Meja Jenerali Dokta fulani, wala si Dokta Meja Jenerali. Waingereza nao huandika General Sir, kamwe si kinyume chake. Nishani hufuata jina. Mheshimiwa halimhusu mwanajeshi kwa kuwa mwanajeshi. Ni la wabunge, mawaziri na mahakimu. Uganda ina hali ya pekee, kwa kuwa jeshi lina viti 10 bungeni, na mwenye kiti hicho ni Mheshimiwa akiwa ukumbini na afande akirudi kambini.

Aliyestaafu kwa heshima hubaki na cheo, na neno mstaafu huwekwa katika mabano mara baada ya cheo hicho: Kanali (Mstaafu) Abdulrahman Kinana, Luteni (Mstaafu) Yusuf Makamba. Jakaya Kikwete aliondoka jeshini akiwa luteni kanali mwaka 1992, vyama vingi vilipoanza na wanajeshi wakatakiwa kuchagua kati ya siasa na gwanda. Tangu alipokuwa Rais watu wachache humwita kwa cheo hicho, kwani wadhifa mkubwa hufunika ngazi ndogo. Uingereza ina desturi ya kibaguzi kidogo: walioishia chini ya meja kwa kawaida hawatumii cheo uraiani. Aliyefukuzwa jeshini na kuvuliwa cheo haitwi kwacho popote, na mwandishi anayeendelea kumwita kwa mazoea amempa alichonyang'anywa na mahakama ya kijeshi.

Mafildimasho wetu

Linabaki swali gumu kuliko yote. Mtu aliyejipa cheo mwenyewe aitweje?

Afrika Mashariki imepata kuwa na mafildimasho watatu mashuhuri, na hakuna hata mmoja aliyepewa cheo hicho kwa njia ya kawaida. Idi Amin alikipata mwaka 1975, akiwa ndiye mtawala wa nchi na mkuu wa waliompa. John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyeongoza mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, alijiita Fildimasho redioni siku ileile, bila kuwahi kuwa afisa wa jeshi lolote, na miezi michache baadaye alikuwa amefukuzwa visiwani.

Dedan Kimathi ni habari nyingine. Serikali ya kikoloni ilimwita gaidi, ikamnyonga tarehe 18 Februari 1957. Wenzake wa msituni walimwita Fildimasho. Miongoni mwa majenerali wao alikuwa Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyekuwa koplo wa KAR vitani Burma: Waingereza walimwona anastahili mikanda miwili tu. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2007 Kimathi akasimamishiwa sanamu katikati ya Nairobi. Muthoni wa Kirima alipofariki dunia mwaka 2023, viongozi wa Kenya walimwita Fildimasho Muthoni, na hakuna aliyeuliza ni chuo gani kilichompa kamisheni. Mwandishi wa Kiswahili hana sababu ya kuweka cheo chake ndani ya alama za mtajo. Jeshi lake lilimpa, na taifa likakubali.

Mfano wa upande wa pili ni Hezekiah Ochuka. Tarehe 1 Agosti 1982 alijitangaza kiongozi wa Kenya kwa muda wa saa chache, akiwa praiveti mwandamizi wa jeshi la anga, na kwa cheo hichohicho anatajwa hadi leo, kwani hakupata nafasi ya kujipandisha. Alinyongwa mwaka 1987.

Kwa waasi wa mashariki ya Kongo kipimo kizuri ni kuuliza cheo kilitoka wapi. Laurent Nkunda alikuwa amepewa ujenerali na serikali ya Kinshasa kabla ya kuiasi, na vyombo vya habari vilimwita jenerali muasi. Bosco Ntaganda naye aliingizwa katika jeshi la taifa mwaka 2009 akiwa jenerali, akaasi tena, akajisalimisha mwaka 2013. Kule The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai haikujishughulisha na ngazi zake. Katika kesi yote hadi alipohukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2019, majaji walimwita Bwana Ntaganda.